Rivasi inateleza, gia ya tatu haiji: nilivyopata kosa baada ya giaboksi kufanyiwa ovaholi

Gari ni Hilux Surf ya petroli, injini 3RZ, giaboksi otomatiki A340F ya gia nne. Ilifunguliwa ikafungwa upya, na tangu hapo ikaja na kasoro mbili. Ukiweka R, sekunde tatu zinapita kabla haijashika, na ikishapata moto haina nguvu hata ya kupanda kibaraza cha geti. Kwenye D inaondoka vizuri, inaingia ya pili vizuri, kisha ya tatu haionekani: injini inaendelea kulia kwa mizunguko ileile. Gereji iliyoifunga ilisema ni solenoidi (valvu za umeme za kubadili gia), mbili zikabadilishwa. Halafu ikasema ni konvata, kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi. Hapo ndipo nilipoomba kwanza ipimwe, kwa sababu hakuna kipimo hata kimoja kilichokuwa kimefanyika.

Nilianza na vipimo visivyo na gharama. ATF, yaani oili ya giaboksi otomatiki, hupimwa ikiwa moto, nyuzi 70 hadi 80, gari likiwa pa tambarare, injini ikiwa silensa (bila kukanyaga akseleta), na liva ya gia imepitishwa kila nafasi kutoka P hadi L na kurudi. Kimo kilikuwa sawa, ila oili iliyowekwa majuzi ilikuwa imeshakuwa ya kahawia na inanuka kuungua. Maana yake kuna klachi inayoteleza, si hitilafu ya umeme peke yake. Kisha kebo ya throtali: akseleta ikikanyagwa hadi mwisho, umbali kati ya mdomo wa mpira na kizuizi kilichobanwa kwenye kebo uwe milimita 0 hadi 1. Kebo ikilegea, presha ya oili inashuka na klachi zote zinateleza. Ikikazwa mno, gia zinaingia kwa kishindo. Mafundi wengi huisahau wakati wa kufunga. Hii ilikuwa sawa.

Kwa umeme, niliunganisha kwa waya matundu ya TE1 na E1 kwenye kisanduku cha uchunguzi chini ya boneti, swichi ya gari ikiwa ON, nikatazama taa ya O/D OFF. Ikipepesa haraka bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Kodi (namba za hitilafu) 62 na 63 ni solenoidi za kubadili gia, 64 ni ya lokapu (inayofunga konvata isiteleze), 42 na 61 ni sensa za mwendo. Haikutoa kodi. Solenoidi zenyewe zinatakiwa ziwe na omu 11 hadi 15, na zilikuwa ndani ya kiwango hicho. Lakini kompyuta ikikosa kodi inasema waya na koili ni nzima tu. Haijui kama oili inafika inakotakiwa.

Kipimo kilichonifungua macho ni cha kuchomoa plagi ya solenoidi na kuendesha kwa liva. A340 ikikosa umeme, L inatoa gia ya kwanza, nafasi ya 2 inatoa gia ya tatu, na D inatoa ya nne. Hapo kompyuta haihusiki tena. Niliweka liva kwenye 2, nikaenda kilomita 60 kwa saa, nikasoma mizunguko. Hesabu yake ni rahisi: kilomita 60 kwa saa ni mita 1,000 kwa dakika, tairi lenye mzingo wa mita 2.4 linazunguka mara 417. Zidisha kwa uwiano wa difu, 4.3, unapata karibu 1,800. Hiyo ndiyo gia ya tatu, kwa sababu uwiano wake ni moja kwa moja. Gia ya pili ina uwiano wa 1.531, kwa hiyo ni karibu 2,750. Ongeza kidogo kwa ajili ya konvata kuteleza. Geji ilisoma karibu 2,900. Giaboksi ilikuwa imeambiwa na valvu zake iingie ya tatu, ikabaki ya pili. Solenoidi zikatoka kwenye orodha ya washukiwa.

Kwa nini ibaki ya pili badala ya kuachia kabisa kama nyutro? Jibu liko kwenye jedwali la klachi, na bila jedwali hilo fundi anabahatisha. Humo C ni klachi, B ni breki, na F ni wan-wei, yaani kifaa kinachozunguka huru upande mmoja na kujifunga upande wa pili. Gia ya kwanza kwenye D inatumia C1 na wan-wei F2. Ya pili inaongeza breki B2 na wan-wei F1. Ya tatu inaongeza C2, huku B2 ikiendelea kushika na F1 ikizunguka huru. C2 ikishindwa kushika, F1 inajifunga tena yenyewe na gari linaendelea na ya pili kama vile hakuna kilichotokea. Ndiyo maana kosa hili linafanana sana na solenoidi mbovu.

Rivasi inatumia C2 na B3. Kwa hiyo washukiwa wa R ni wawili, na wa kuwatenganisha ni L: kwenye L, B3 ndiyo inayoleta breki ya injini. Nilishuka mteremko kwenye L nikaachia akseleta, injini ikashika gari vizuri. B3 nzima. Kinachobaki kwa R na kwa gia ya tatu ni kimoja tu, C2.

Sikutaka kuishusha giaboksi kwa hoja pekee, nikaongeza vipimo vitatu. Muda wa kushika, kutoka N hadi D, usizidi sekunde 1.2, kutoka N hadi R usizidi 1.5. Pima mara tatu, ukiacha dakika moja katikati. D ilikuwa ndani ya kiwango, R ilipita sekunde 3. Cha pili, kukanyaga akseleta hadi mwisho magurudumu yakiwa yamezuiwa, hendibreki juu na breki ya mguu imekandamizwa, kwa sekunde 5 na si zaidi: D ilisimama karibu mizunguko 2,200, R ikapita 3,000, nikaachia mara moja. Konvata mbovu ingeonekana kwenye D pia. Cha tatu, geji ya presha kwenye tundu la kipimo ubavuni mwa giaboksi; tumia inayofika angalau bar 25. Kwenye R presha inatakiwa iwe juu kuliko D. Hapa, oili ikiwa moto, R ilikuwa chini ya D. Pampu ni nzima, basi oili inavuja ndani ya njia ya R. Ikiwa baridi oili ni nzito na uvujaji ni mdogo, ndiyo maana asubuhi gari lilionekana limepona.

Baada ya kushusha sampu (bakuli la oili chini ya giaboksi) na valvu bodi (bamba la valvu linalogawa oili), nilipuliza hewa ya bar 4 hivi kwenye tundu la C2. Klachi nzima inatoa mlio mmoja wa kugonga na hewa inatulia. Hii ilifoka mfululizo. Ngoma ya C2 ilipotolewa na kuwekwa juu ya sapoti ya overdraivu (kipande kinachoibeba na kuipelekea oili), nikapuliza tena kwa kupaka oili: mapovu yalitoka pembeni mwa pistoni, si kwenye ringi za sapoti. Oringi ya nje ya pistoni (ringi ya mpira ya kuzuia oili) ilikuwa imekatwa kipande cha upana wa ukucha, na pleti za klachi zenye uso wa karatasi zimeungua. Oringi inakatwa namna hii pistoni ikisukumwa ikiwa kavu au imekaa upande.

Nilifunga hivi. Pleti mpya zililowekwa kwenye ATF si chini ya dakika 15. Oringi zilipakwa vaselini tupu, kamwe si grisi, kwa sababu grisi haiyeyuki kwenye ATF na inaziba vitundu vya valvu bodi. Pistoni ilizungushwa huku ikisukumwa kwa vidole, haikugongwa. Nilipima mwendo wa pistoni kwa hewa kabla ngoma haijarudi ndani. Mabomba na kipoza oili ndani ya rejeta vilisafishwa kwa kusukuma kinyume cha mkondo mpaka kilichotoka kikawa safi. Konvata ilimwagwa, ikasuuzwa, na ilipowekwa ilidondoka hatua tatu; isipodondoka zote, usivute giaboksi kwa boliti, utavunja pampu.

Nunua lita 10 hadi 12 za ATF ya Dexron III, mimina kidogokidogo, kijiti cha kupimia oili kiamue. Ilipopata moto, R ilishika ndani ya sekunde 1.2, na kwa kilomita 60 kwenye gia ya tatu geji ilisoma 1,900.