Beetle ya Baba Ilipogongwa Nyuma Pale Morocco

Mtu anayeishi Ulaya akirudi Dar es Salaam kwa likizo hupewa mara moja hadhi mbili: ya mgeni anayestahili kupikiwa pilau, na ya mwenye fedha asiyestahili kudai chochote. Hadhi ya pili niliionja kwenye taa za Morocco, Kinondoni, pale Toyota IST ilipoigonga kwa nyuma Volkswagen Beetle ya baba yangu, ambayo huwa naiendesha kila ninapokuja kutoka Hamburg.

Mwendo ulikuwa mdogo. Mimi nilikuwa nimesimama, taa ikiwa nyekundu, na kijana wa nyuma alikuwa akitazama ama simu ama jua, hilo hatukulijadili. Hakuna aliyeumia, kwa hiyo hapakuwa na haja ya PF3, fomu ambayo polisi humpa majeruhi aende nayo hospitali. Bampa la plastiki la IST lilipasuka na kuning'inia upande mmoja, ilhali bampa la chuma la Beetle lilionekana kama lililopigwa kofi tu. Waliokusanyika, na katika jiji hili watu hawachelewi kukusanyika, walikwisha kutoa hukumu kabla sijafungua mlango: chuma cha Mjerumani kimeshinda, hasara ni ya kijana, dada amsamehe. Kijana mwenyewe alizungumza kwa adabu. "Dada yangu, samahani sana, tuyamalize hapa hapa," alisema, huku akinyoosha noti zilizofika shilingi elfu hamsini. Iliposikika kwamba ninaishi Ujerumani, mzee mmoja muuza magazeti aliongeza kwamba kiasi hicho, kwa mtu kama mimi, ni cha kahawa, na hakuna haja ya kumpotezea kijana muda.

Nilikataa noti zile, si kwa sababu ni chache, bali kwa sababu hakuna aliyekuwa na uwezo wa kusema pale barabarani kama ni chache au ni nyingi. Beetle hubeba injini nyuma. Mara baada ya bampa na kipande chembamba cha bodi kuna ekzosi, na mabomba yake mawili hutokeza nje kuelekea kwa anayekufuata. Anayegonga hapo husukuma mabomba, mabomba husukuma ekzosi, na ekzosi imefungwa kwa boliti moja kwa moja kwenye vichwa vya silinda mbili za nyuma, kiasi kwamba nguvu ya kugongwa inaweza kufika hadi kwenye studi za injini, yaani vyuma vyenye nati vinavyoishikilia ekzosi, bila kuacha alama yoyote ambayo muuza magazeti angeiona. Tena injini hiyo haina rejeta wala maji; inapozwa kwa hewa inayovutwa na feni kutoka juu, na kuna mpira unaozunguka chumba cha injini ili hewa ya moto ya chini isipande na kuvutwa tena. Bodi ya nyuma ikiingia ndani hata kidogo, mpira huo huachia, na gari lililonyooshwa vizuri na kupakwa rangi vizuri linaanza kupata joto kali katika foleni ya Mwenge, mwenyewe asijue chanzo ni nini.

Kwa hiyo nilipiga picha nyingi, za karibu na za mbali, kabla magari hayajasogezwa: namba za usajili, mabomba ya ekzosi, alama za barabarani. Kisha nilihakiki bima ya IST kwa simu, kwani Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania imeweka mtandaoni mfumo ambao mtu yeyote anaweza kuutumia kwa namba ya gari, na ni vyema kujua hali hiyo kabla ya kuanza kubishana na mtu. Bima yake ilikuwa hai, ile inayoitwa bima ndogo, ambayo ni ya lazima kisheria na humlipa aliyegongwa, si mwenye bima mwenyewe. Askari wa usalama barabarani alikuja, akachora ramani ya ajali, nasi tukaenda kituoni kuandika maelezo. Kijana alikubali kosa bila mizengwe. Tuliandikiana pia kwamba kiasi cha fidia kitajulikana baada ya bampa kufunguliwa mbele ya fundi, yeye mwenyewe akiwepo, na sentensi hiyo moja ilitupunguzia ugomvi mwingi uliokuwa ukitusubiri.

Fundi wa baba yuko eneo la Gerezani, hapa hapa jijini, na ni katika wazee wachache wanaokumbuka kwamba Volkswagen za namna hii ziliwahi kushinda mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, yale ya Safari, mwaka 1953, 1954, 1957 na 1962. Huyataja hayo kila anaposhika spana, uwe umemuuliza au hukumuuliza. Alilipandisha gari, akalifungua bampa, na kijana wa IST akaona mwenyewe. Mikono ya chuma inayoshikilia bampa ilikuwa imepinda, ekzosi imesogea mbele na kupasuka kwenye kiungo cha kushoto, na mpira umeachia upande huohuo. Vichwa vya silinda vilikuwa salama. Fundi alipitisha sumaku juu ya bodi ya nyuma, nayo ikashika kila mahali isipokuwa eneo moja dogo lenye puti ya zamani, ile ya kuziba mabonde ambayo sumaku haiishiki, na hilo tuliliondoa kwenye madai, kwa kuwa halikuwa deni la kijana.

Spea nazo zina mambo yake. Gari letu ni la 1972, na taa za nyuma, bampa na ekzosi za Beetle zilibadilishwa mara nyingi, kwa hiyo kuagiza bila namba ya chasi ni kucheza bahati nasibu. Jambo la kufurahisha ni kwamba vifaa hivi vya nyuma havijali usukani uko upande gani, na ekzosi inayouzwa Ujerumani inaingia bila tatizo katika gari la usukani wa kulia. Dar es Salaam na Hamburg zina urafiki rasmi wa miji tangu 2010, ingawa nadhani waliotia saini hawakufikiria ekzosi. Ekzosi na mpira vilisafiri na binamu yangu katika sanduku. Bampa ni refu mno kwa sanduku lolote, na lilipatikana Ilala, kwenye Beetle nyingine iliyokuwa imeshakata tamaa chini ya mwembe.

Sehemu ngumu zaidi ilikuwa thamani. Ujerumani, gari lililotimiza miaka 30 na kutunzwa vizuri linaweza kupewa namba yenye herufi H, ya magari ya kihistoria, na kampuni za bima za magari ya aina hiyo hukubaliana na mwenye gari juu ya thamani mapema, kwa ripoti na picha. Huku, mthamini wa kampuni ya bima aliitazama Beetle kama gari chakavu la miaka mingi na akataka kukata sehemu kubwa ya bei ya ekzosi mpya kwa jina la uchakavu. Tulimwonyesha risiti za matengenezo ambazo baba amezihifadhi katika faili tangu nikiwa shule ya msingi. Alipunguza makato, hakuyafuta. Tofauti iliyobaki aliilipa kijana kwa awamu kupitia simu, bila kukumbushwa.

Likizo yangu iliisha kabla ya hayo yote kukamilika, na wenzangu mnaoendesha magari ya wazazi mkiwa likizo mlizingatie hili: anayedai ni yule ambaye jina lake liko kwenye kadi ya gari, si aliyeshika usukani. Niliacha maelezo yangu yaliyosainiwa, nakala ya leseni na picha zote, na baba ndiye aliyejaza fomu na kufuatilia, kazi ambayo nashuku aliifurahia kuliko alivyokiri.

Sasa amefunga taa ya tatu ya breki ndani ya kioo cha nyuma. Fundi wa Gerezani hajaipenda, anasema Beetle haikuzaliwa nayo.