Mama wa maboksi na zile siku 90

Watu wakisikia nafanya kesi za ufilisi wanadhani kazi yangu ni kuwakimbiza wenye madeni. Basi niwape hii ya mama mmoja aliyekuwa anadai, na bado nikamshtaki.

Ilikuwa Marekani, kabla ya yale mabadiliko ya sheria ya 2019. Kampuni moja ya kusambaza vifaa vya nyumbani iliingia Sura ya 11 ya sheria ya ufilisi kwa matumaini ya kujipanga upya, ikashindikana, benki ikagoma kuongeza hela, kesi ikageuzwa kuwa Sura ya 7, yaani funga, uza kila kitu, gawana kilichobaki. Mfilisi akateuliwa, akatuajiri sisi, na mimi nilikuwa bado mdogo ofisini kwahiyo nikapewa kazi ambayo wakubwa hawaitaki: faili la eksel lenye malipo yote ambayo kampuni ilifanya ndani ya siku 90 kabla ya kuomba ufilisi.

Kwa asiyejua, kifungu cha 547 cha sheria hiyo kinasema hivi: ukilipwa deni la nyuma ndani ya zile siku 90, kampuni ikiwa tayari iko hoi, na ukapata zaidi ya ambacho ungepata kwenye mgao, mfilisi anaweza kukudai urudishe. Kwa watu wa ndani, wakurugenzi na ndugu zao, ni mwaka mzima. Haijalishi kama hukufanya ujanja wowote. Sababu yake ni kwamba kampuni ikianza kuzama asilipwe anayepiga kelele zaidi halafu wengine waambulie patupu, na mimi sababu hiyo naikubali mpaka leo. Ninachobisha ni namna ilivyokuwa inafanyika, maana mfilisi ana miaka miwili ya kufungua kesi hizo, sasa muda ukikaribia kuisha barua zinatumwa kwa kila aliyeko kwenye listi, halafu mnasubiri nani ataogopa alipe nusu yaishe.

Barua moja ikamfikia huyu mama mwenye kiwanda kidogo cha maboksi. Akapiga simu mwenyewe, sauti inatetemeka kwa hasira. "Hao watu wamefilisika na hela yangu, halafu wewe unanidai mimi?" Nikamwambia mama, mimi ni wakili wa upande wa pili, siwezi kukushauri, tafuta wakili, na kampuni hairuhusiwi kujitetea mahakama ya shirikisho bila wakili hata kama ni ya kwako peke yako. Akakaa kimya kidogo, akasema kwahiyo namlipa wakili ili nisirudishe hela niliyoifanyia kazi. Hilo halina jibu kwenye kitabu chochote cha sheria, nikamtajia tu tarehe ya mwisho ya kujibu.

Tukaonana kwenye usuluhishi. Alikuja na wakili kijana na begi zima la invoisi, zote zimepangwa kwa tarehe, na hapo nikajua siku itakuwa ndefu, kwasababu kesi hizi maneno hayasaidii kitu, ni kuhesabu siku. Tukahesabu. Kwa muda mrefu alikuwa analipwa siku 45 mpaka 50 baada ya invoisi, na ndani ya zile 90 ikawa hivohivo, isipokuwa malipo mawili ya mwisho. Madai ya hayo mengine yakafa palepale, maana aliyelipwa kama alivyozoea kulipwa harudishi, ni biashara ya kawaida, kinga hiyo iko wazi kwenye sheria. Mawili ya mwisho ndo nilikuwa nayo mkononi, maana mama aliandika imeili: msipolipa leo lori halitoki. Nikaiweka mezani. Akaisoma, akasema ndio nimeandika mimi, ulitaka niandikeje, nina watu wanasubiri mshahara. Nilimwelewa kabisa, ila presha ya namna ile ndo kitu chenyewe ambacho sheria inakikamata.

Yule kijana akatoa karatasi nyingine. Baada ya kulipwa lori lilitoka kweli, likatoka tena na mara nyingine, na mizigo hiyo haikulipwa mpaka kampuni inakufa. Hiyo inaitwa thamani mpya, ukiendelea kumpa mdaiwa mzigo kwa mkopo baada ya kukulipa, inakatwa kwenye kile unachodaiwa kurudisha. Halafu akaongeza kwamba sehemu ya mzigo huo ilipokelewa ndani ya siku 20 kabla ya ombi la ufilisi, na tangu mabadiliko ya 2005 mzigo kama huo unalipwa kwa kipaumbele, juu ya wadai wa kawaida. Je mzigo uleule uhesabiwe mara mbili, umpunguzie cha kurudisha na umpe kipaumbele pia? Mahakama zenyewe zilikuwa hazielewani, na sote mle ndani tulijua kulipeleka swali hilo kwa jaji kungekula hela kuliko hiyo tunayobishania.

Nikatoka nje kumpigia mfilisi. Akakubali: mama harudishi kitu, anaachia kile kipaumbele cha siku 20, deni lake lililobaki linakaa na wadai wa kawaida.

Kabla ya kusaini akauliza nani wako mbele yangu kwenye foleni. Nikamwambia benki yenye dhamana, gharama za kesi, mishahara ya wafanyakazi mpaka kiwango fulani, kodi, ndo nyinyi, wenye hisa mwisho kabisa. Gharama za kesi ni nani? Nikasema na sisi mawakili tumo. Akacheka, kicheko cha kweli, msuluhishi naye akashindwa kujizuia.

Akauliza tena, na wakubwa waliojilipa bonasi? Nikamwambia kesi yao imeshafunguliwa, iko kwenye rekodi za mahakama, yeyote anaweza kusoma. Nilikuwa nimeshaomba kuhamishiwa huko, na ile kesi moja mwishowe iliingiza hela kuliko barua zote nilizotuma.

Mwaka 2019 sheria ikaongezewa maneno, sasa mfilisi anatakiwa afanye uchunguzi wa kutosha na aangalie kinga zinazojulikana kabla ya kushtaki. Wenzangu wengi wa upande wa wafilisi walinung'unika, eti ni mzigo. Mzigo gani jamani, kwa mtu kama yule mama ilikuwa ni kufungua eksel, kulinganisha na invoisi, na kuhesabu siku.