Bibi wa Arusha, bibi wa Bunia

Jumapili. Mvua ya The Hague haina haraka, inachekecha tu tangu alfajiri kama mtu anayechunga unga. Baiskeli yangu ina pancha, kwa hiyo niko ndani na chai ya tangawizi, na kuna jambo la Jumanne bado linanikera.

Mama yangu kila akipiga simu huuliza, "Hivi ukisimama mbele ya majaji huogopi?" Nimechoka kumwambia kwamba sisimami. Hapa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), wakili wa waathiriwa ndiye anayevaa joho na kusema. Sisi wadogo kazi yetu ni jedwali. Nafungua fomu ya maombi ya mwathiriwa, nasoma, najaza safu: anatoka wapi, alipata madhara gani, nani alikufa, walikuwa na uhusiano gani, kithibitisho kipo au hakipo. Kisha fomu nyingine. Humo mwombaji hana jina, ana namba: herufi a, mkwaju, tarakimu nne, mkwaju, mwaka. Ukikaa nazo sana unaanza kuzijua kama majirani. Yule wa ng'ombe. Yule ambaye hakumaliza sentensi.

Kesi yenyewe siitaji, nimetia saini kutunza siri, na hata kisa hiki nimekipindapinda vya kutosha. Niseme tu kwamba ni watu wa Ituri, kaskazini mashariki mwa Kongo. Fomu nyingi zimejazwa kwa Kifaransa, lakini mara nyingine nyuma yake pamebanwa karatasi ya daftari iliyoandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili. Karatasi hizo ndizo nilizopewa mimi. Si Mtanzania? Si mzaliwa wa Arusha? Kiswahili ni changu. Ndivyo nilivyojiona.

Karatasi ya Jumanne ilikuwa ya mzee mmoja. Anaeleza walivyoamshwa na risasi, alivyokimbilia porini na watoto, kisha: "bibi yangu alibaki ku nyumba, bakamuua." Nikajaza safu ya uhusiano: mama wa mzazi. Nilisita kidogo, maana mwenyewe alikuwa na umri wa kuwa na wajukuu, sasa bibi yake alikuwa na miaka mingapi? Nikajiambia, vikongwe wapo. Nikaendelea na inayofuata.

Anayepitia kazi zangu ni mama mmoja aliyezaliwa Bunia, mji wa huko huko Ituri. Akaniita mezani kwake.

"Mutoto, huyu bibi umemufanya nani?"

"Nyanya yake, Mama."

Akavua miwani. "Bibi ni muke. Ni muke wake huyu."

Niliishiwa nguvu. Na wala sikuwa na kisingizio. Kwenye kadi zetu za harusi tunaandika "Bwana na Bibi" mpaka leo, na bado neno lilinipita. Kwa kalamu yangu mjane alikuwa amegeuka mjukuu. Ningeanza kumtafutia vyeti vya kuzaliwa vya vizazi viwili, wakati kinachotakiwa ni barua ya chifu inayosema hawa walikuwa mume na mke. Vyeti asingevipata, nami ningeandika "hakipo", na huko mbele mtu asiyejua Kiswahili hata cha kusalimia angeisoma "hakipo" yangu na kuamua.

Si bibi peke yake. Watu wa kule, kama sisi, wana baba mkubwa na baba mdogo, na aliyelelewa na baba mdogo huandika "baba" basi. Fomu inataka aliyemzaa. Wakili wa utetezi akiona "baba" wawili kwenye maelezo ya mtu mmoja atasema huyu anajikanganya, na kwa nafasi yake ana haki ya kusema hivyo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya siku naandika tanbihi za kuwaeleza watu wazima maana ya baba.

Na sisi wenyewe hatujakubaliana tumwiteje mtu huyu. Nyumbani nikisema "mwathirika", watu wanafikiria UKIMWI. Nikisema "mhanga", wapo watakaomwona aliyejitoa mhanga, na mzee yule hakujitoa kwa lolote. Wakenya wanasema "mwathiriwa", nami nimeazima lao, ingawa mdomoni bado linanitekenya.

Nilikua nikipita mbele ya majengo ya AICC, kile kituo cha mikutano cha Arusha, ambako Mahakama ya Kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa mpaka ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Kwetu watoto ilikuwa ni magari meupe tu. Chuoni ndipo nilipokuja kujua kwamba manusura aliyeletwa pale aliletwa kama shahidi: akajibu alichoulizwa, akarudishwa kwao. Hakuwa na wakili wake, wala mlango wa kudai fidia. Mkataba wa Roma wa 1998, ulioanzisha ICC, ndio ulioandika vingine: kifungu cha 68 kinampa nafasi ya kutoa maoni yake pale maslahi yake yanapoguswa, na cha 75 kinazungumzia fidia. Nilivipenda mno vifungu hivyo. Havikunionyesha jedwali.

Niliwahi pia kuicheka fidia ya Bogoro, kijiji cha Ituri. Kilishambuliwa Februari 24, 2003. Germain Katanga, aliyekuwa kiongozi wa wanamgambo, alitiwa hatiani 2014, na amri ya fidia ikatoka Machi 2017: dola 250 kwa kila mwathiriwa, kama ishara, pamoja na misaada ya makazi, masomo, shughuli za kipato na tiba ya kisaikolojia. Katanga mwenyewe hakuwa na kitu, ikabidi Mfuko wa Wahanga wa ICC uingie. Dola 250 baada ya miaka 14! Darasani tuliguna. Chumba ninachoandikia haya hakilipiki kwa hiyo hata nusu mwezi.

Siku hizi siangalii 250, naangalia hesabu nyingine. Maombi yalikuwa 341. Majaji waliyapima moja moja, wakakubali 297. Tofauti ni 44. Kila nikifungua fomu nawawaza hao 44: wangapi kweli hawakuguswa na shambulio lile, na wangapi walikwama kwenye karatasi? Katika kesi ya Dominic Ongwen, aliyekuwa kamanda wa waasi wa LRA kaskazini mwa Uganda, amri ya fidia ya Februari 2024 ilikadiria waathiriwa 49,772, euro 750 kila mmoja, na kwa wingi huo hakuna jaji ambaye angesoma barua moja moja kabla ya kutoa amri. Nimebishana na wenzangu kantini lipi ni afadhali. Mimi bado niko upande wa kusomwa mmoja mmoja, hata baada ya Jumanne. Mzee amekaa akaandika kurasa mbili kwa mkono. Asomwe.

Basi Jumatano nikarudi kwenye fomu zote nilizokwisha kufunga, nikatafuta neno "bibi". Nilipata tatu nyingine. Mbili maelezo yenyewe yalijieleza, nikasahihisha. Ya tatu nikaigeuza huku na huku, haikusema. Tukatuma swali kwa mtu wetu wa Ituri: tafadhali muulize, aliyefariki ni nani kwake? Mtandao wa kule una siku zake, tukasubiri. Ijumaa mchana jibu likaingia: "Amesema ni bibi yake."

Mama wa Bunia alicheka mpaka akashika meza. Nami nikacheka, kisha nikaandika swali upya, safari hii kwa akili: walizaa watoto wangapi pamoja?

Jibu lilikuja jioni, tarakimu moja. Mke, basi. Nikaiingiza kwenye jedwali letu. Kisha nikafungua nakala inayokwenda kwa upande wa utetezi, nikaitafuta tarakimu ile ile, nikaifunika kwa rangi nyeusi, kwa sababu katika kijiji kidogo idadi ya watoto inatosha kumtaja mtu.