Rupia 500 kwa Mfalme Zora

The Legend of Zelda: A Link to the Past naijua kama njia ya chooni gizani. Gemu hii ilitoka mwaka 1991, na nimeimaliza mara nyingi mpaka vidole hutangulia akili: sanduku hili taa, lile upinde. Basi nilipopata toleo lake lililochanganywa, nikalitia kwenye simu nikiamini litaisha usiku huohuo.

Ramani haikuguswa. Kilichovurugwa ni vilivyomo: kila kitu kilichokuwa sandukuni au mkononi mwa mtu kimehamishiwa kwingine, ila kwa hesabu inayohakikisha mchezo bado unamalizika. Hapo ndipo uchungu ulipo. Ukikwama, huna wa kumlaumu.

Usiku wa tatu nilikwama. Nilihitaji Lulu ya Mwezi, maana bila hiyo ukivukia Ulimwengu wa Giza unageuka sungura wa pinki asiyeweza kushika upanga. Na kumwendesha sungura huyo kwa vitufe vilivyochorwa kwenye kioo, dole gumba lako mwenyewe likikufichia adui, ni adhabu tosha. Nikajishawishi kwamba lulu iko kwa Mfalme Zora, anayeuza kitu kimoja tu kwa rupia 500, pesa za humo gemuni. Nikafyeka majani, nikavunja vyungu, nikaokota rupia mojamoja hadi zikatimia. Nikapanda mpaka kwenye maporomoko yake, nikamlipa.

Akanitupia rupia 20.

Nilicheka, kile kicheko cha mtu aliyetapeliwa kwa ridhaa yake. Mdogo wangu, aliyekuwa akichungulia begani kwangu muda wote, akauliza, "Kaka, na yule mtoto anayeumwa?"

"Achana naye. Huyo anatoa wavu wa kunasia wadudu."

"Si umesema vitu vyote vimehamishwa?"

Nikanyamaza. Mtoto yule amelala kitandani kijijini Kakariko, na hukupa alichonacho mradi tu una chupa. Chupa nilikuwa nayo tangu usiku wa kwanza. Mlangoni kwake nilishapita sijui mara ngapi, bila hata kugeuza shingo, kwa sababu ule wavu sijawahi kuuona wa maana.

Nikaingia. Link, shujaa ninayemchezesha, akainua mikono juu, na juu ya mikono ile, lulu.

"Ungeniuliza tangu juzi," mdogo wangu akasema.

Nikamwambia akalale.