Kumpiga Picha Mbwa Mweusi kwa Taa Moja

Jirani yangu hapa Walukuba, Jinja, aliponiomba nimpigie picha mbwa wake Simba, ambaye amezeeka na jicho lake la kushoto limeanza kuingia ukungu, nilikubali papo hapo bila kukumbuka kwamba Simba ni mweusi tangu puani hadi mkiani. Kazi niliyoizoea ni ya harusi na picha za pasipoti, na vifaa vyangu vya mwanga ni flashi moja ndogo ya betri, stendi na mwavuli mweupe. Studio sina, nina sebule yenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 5.

Picha za kwanza zilinivunja moyo. Flashi ilikuwa juu ya kamera, ikimtazama Simba usoni, na jicho lake lisilo na ukungu likang'aa kijani, kwa sababu nyuma ya jicho la mbwa kuna utando unaorudisha mwanga kule ulikotoka. Manyoya yakawa doa jeusi lisilo na shingo wala mabega. Nikaongeza nguvu ya flashi, nikiamini kwamba weusi dawa yake ni mwanga mwingi, lakini ukuta ukawa mweupe wa kuumiza macho na Simba akageuka kijivu kama aliyemwagiwa jivu.

Jioni ile nilimtazama akiwa amelala mlangoni, jua likimpiga ubavuni, na mgongo wake wote ukimetameta. Ndipo nilipoelewa kwamba umbo la manyoya meusi huonekana kwa mng'ao wake, na mng'ao huo huja pale mwanga unapoyapitia kwa pembeni, ukateleza juu yake na kuelekea kwenye lenzi. Kwa hiyo nguvu haikuwa tatizo langu. Tatizo lilikuwa mahali taa iliposimama.

Siku iliyofuata niliiondoa flashi kwenye kamera, nikaiweka kwenye stendi upande wa kulia wa Simba, nyuma kidogo ya bega lake na juu kidogo ya kichwa, ikipenya mwavuli ulio umbali wa mita 1 hivi kutoka kwake. Mwavuli ukikaribia huwa mkubwa machoni pa mnyama, na mwanga wake huwa laini. Upande wa kushoto, karibu na uso wake, nilisimamisha kipande kikubwa cha kadibodi nyeupe ili kimrudishie mwanga kidogo upande wenye kivuli. Tofauti niliiona kwenye picha ya kwanza kabisa: mstari wa mwanga ulishuka kutoka sikioni hadi kwenye paja, na nywele za shingo zikahesabika.

Kwa pazia la nyuma nilitumia lubugo, kitambaa chetu cha gome la mutuba, kwa kuwa rangi yake ya udongo mwekundu haing'ai hata kidogo. Bibi mwenye nyumba alipoliona sakafuni alinisimamisha. “Mwanangu, hicho ndicho tunachowavika waliotutoka. Usimkalishe mbwa juu yake.” Nikamjibu, “Nimekusikia, jajja,” nikalitundika ukutani, na chini nikatandika mkeka. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo lubugo likiwa mita 2 kutoka kwenye taa hupata robo ya mwanga anaoupata mnyama aliye mita 1, na kwa Simba kiasi hicho kilitosha rangi yake ionekane bila kummeza. Wiki iliyofuata, kwa paka mweupe, nilisogeza kila kitu hadi lubugo likawa mita 3 kutoka kwenye taa. Likabaki na sehemu moja ya tisa, likawa karibu jeusi, na paka akajitokeza vizuri mno.

Kamera niliipanga kwa mkono: ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 200, shata ya sekunde 1/160, na tundu la lenzi f/8, yaani dogo kiasi, kwa maana pua ya Simba ni ndefu na tundu likiwa wazi zaidi ama pua ama macho hayatoki wazi pichani. Flashi ikiwa kwenye robo ya nguvu, mwako wake ni mfupi kiasi cha kugandisha hata mtikiso wa masikio. Balbu ya dari niliiacha ikiwaka ili niweze kulenga macho.

Kilichonichukua muda mrefu zaidi ni kumzoesha. Mwavuli niliufungua kabla hajaingia, maana mfunguko wake wa ghafla humtisha mbwa kuliko mwako wenyewe, kisha nikawasha flashi mara kadhaa huku akila mukene, yaani dagaa wa ziwani, kutoka mkononi mwa jirani yangu. Nusu saa ikapita kabla sijapiga picha ya maana, na ninaamini nusu saa hiyo haifai kupunguzwa.

Jirani yangu aliziangalia picha zote polepole. Nilidhani angechagua ile ya upande wa kulia, ambayo jicho lisilo na ukungu lina nukta safi ya mwanga. Akachagua ile ambayo Simba ameigeukia kadibodi nyeupe, na jicho la ukungu linaonekana lilivyo, la samawati iliyofifia. Akaniambia, “Huyu ndiye ninayeamka naye kila siku.”