Kibodi yangu imetakata, na asetoni haikugusa

Karibu kila niliyemuuliza namna ya kutoa utando wa mafuta ya vidole kwenye kibodi alinijibu, "Paka asetoni kidogo tu." Mmoja, tena fundi wa kompyuta, alisema hata petroli inafaa. Bahati nzuri mimi ni mbishi. Nilichomoa kitufe cha Scroll Lock, ambacho sijawahi kukihitaji maishani, nikakidondoshea dawa ya kutolea rangi ya kucha yenye asetoni. Kwanza kiling'aa, nikadhani washauri wameshinda. Punde kikaanza kunata, pamba ikagandia juu yake, na nilipoivuta ikaja na nyuzi za plastiki. Herufi ndiyo kwaheri. Picha nimemtumia fundi, hajajibu.

Vitufe vingi ni vya plastiki ya ABS, na asetoni huiyeyusha. Vya PBT, aina nyingine ya plastiki, ni vigumu zaidi. Utavitofautishaje? Hapa niacheni nijisifu. Nilikoroga chumvi kwenye glasi ya maji mpaka ikagoma kuyeyuka, nikatumbukiza kitufe. ABS huelea kwenye maji ya chumvi kali. PBT ni nzito, huzama. Ila hakikisha hakuna hewa iliyonaswa ndani ya kitufe, la sivyo hata PBT itakudanganya. Changu kilielea mara zote, hata nilipokisukuma kwa kijiko. Nilifurahi kupita kiasi.

Basi vitufe nikaviloweka kwenye maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, nikaviacha vikauke hadi kesho yake. (Piga picha ya mpangilio kabla ya kuving'oa!) Fremu niliifuta kwa spiriti ya asilimia 70, kidogo tu kwenye kitambaa, si kumimina, na mbali na jiko. Ijaribu kwanza mahali pasipoonekana, maana herufi zilizochapwa juu juu hufutika, na plastiki angavu ya akriliki huweza kupata nyufa. Na usiichanganye kamwe na dawa ya klorini ya kufulia. Hutoa kemikali zenye sumu. Gharama? Mabaki ya spiriti na chumvi ya jikoni.

Kitufe cha nafasi bado kina umanjano. Huo si uchafu, ni plastiki iliyochakazwa na mwanga, kwa hiyo usijichoshe kuusugua.