Soketi Zilizokatwa: Nilivyobadilisha Redio ya Spacio Yangu

Gari langu ni Toyota Spacio, na kazi yangu ni keki. Naoka nyumbani Tabata, napeleka mwenyewe hadi mlangoni kwa mteja: Goba, Mbezi, Kigamboni, Mbagala. Ukiwa na keki ya ngazi tatu nyuma, huwezi kukanyaga breki ghafla. Wala huwezi kushika usukani kwa mkono mmoja, simu ipo sikioni, mteja anakuelekeza "ukifika duka la dawa kata kushoto, halafu ulizia." Ndiyo maana nilitaka redio yenye ramani na Bluetooth.

Ile ya zamani ilikuja na gari kutoka Japani, na wenye magari haya mnaijua. FM yake inaanzia 76 inaishia 90, kwa sababu Japani walikuwa wanarushia kwenye masafa hayo, wakati stesheni zetu zinakaa kati ya 87.5 na 108. Jiji zima linaongea, wewe unashika mbili tatu za chini. Niliweka kile kiboksi cha kushusha masafa kwenye waya wa antena, zikaongezeka, ila namba unazoziona kwenye kioo siyo namba za stesheni zenyewe. Ramani ilikuwa ya Japani tupu. Halafu siku nilipobadilisha betri, kioo kiliwaka na maandishi ya Kijapani kikidai diski ya ramani, ambayo ilibaki hukohuko kwa mwenye gari wa kwanza. Tangu siku hiyo haikuimba tena.

Nikaenda Kariakoo nikanunua redio ya Android ya inchi 7, shilingi 230,000. Hapa nawaomba mpime kabla ya kulipa. Tundu la redio kwenye Toyota nyingi lina upana wa milimita 200 na kimo cha 100, lakini redio nyingi zinazouzwa zina upana wa 178 hivi, kwa hiyo zinaacha pengo kulia na kushoto. Kuna fremu za plastiki za kuziba hayo mapengo, ni za bei ndogo, ombeni hapohapo dukani.

Dukani wakanipa kijana wa kufunga. Nilisimama pembeni, mlango uko wazi. Akang'oa fremu ya dashibodi taratibu, klipsi hata moja haikuvunjika, nikafurahi. Akaivuta redio ya zamani, akaigeuza, akachukua koleo. Akakata soketi za waya za gari zinazochomekwa nyuma ya redio: ya pini 10, halafu ya pini 6. Nikamuuliza, "Kaka, hizo si zinachomoka tu?" Akasema, "Dada usijali, tunaunganisha moja kwa moja, ndiyo imara." Nilinyamaza kwa sababu nilidhani fundi anajua. Hilo linaniuma mpaka leo, maana adapta ya kuchomeka kati ya soketi za Toyota na redio mpya inauzwa mtaa uleule, na mimi nilikuja kuinunua 15,000 baadaye.

Redio iliwaka, ikapiga muziki, nikalipa. Jumatatu asubuhi gari halikuwaka. Jirani akanibusti. Alhamisi tena. Na katikati ya wiki hiyo mama yangu alinipigia kutoka Korogwe, nikampokea kwa spika za gari kwa mara ya kwanza, naye akawa anauliza tu, "Haloo? Haloo? Mbona uko mbali hivyo, mwanangu?" Nikakata, nikaegesha, nikampigia kwa simu ya mkononi.

Kuna mzee mmoja fundi umeme hapa kwetu, anafanyia kazi chini ya mwarobaini. Nikamfuata. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mama keki, gari linasemaje?" Akatoa redio, akaona ule mkusanyiko wa waya uliozungushiwa tepu nyeusi, akatikisa kichwa, hakusema kitu. Akaniita nisogee.

Redio hizi mpya, akanionyesha, waya wa njano ni wa umeme wa betri usiokatika, unatunza kumbukumbu. Mwekundu ni wa umeme unaokuja ukifungua swichi. Mweusi ni wa ardhi. Sasa kwenye Toyota rangi ni nyingine kabisa: umeme wa kudumu ni waya wa bluu wenye mstari wa njano, wa swichi ni wa kijivu, ardhi ni wa kahawia. Na ule wa njano wa Toyota, kwenye soketi ya pini 6, ni wa spika ya nyuma. Ukifuata rangi kwa macho, umeharibu. Akachukua testa akagusa waya mmoja mmoja, swichi ikiwa imefungwa, kisha imefunguliwa. Yule kijana alikuwa ameufunga mwekundu na wa njano pamoja kwenye umeme wa kudumu. Redio haikulala usiku hata mara moja. Ndiyo iliyokuwa inanyonya betri.

Mzee alirudisha soketi zangu waya kwa waya, akalehemu, akavisha kila kiungo kimpira chake, halafu akachomeka adapta. Ilichukua saa nne. Maiki ilikuwa imetupwa nyuma ya redio, ndani kabisa ya dashibodi. Akaipitisha waya hadi kwenye nguzo ya kioo cha mbele, usawa wa mdomo wangu. Antena ya GPS nayo ilikuwa imelala chini ya bati. Akaihamishia kwenye kona ya dashibodi, chini ya kioo cha mbele, maana inapokea mawimbi hafifu kutoka kwenye setilaiti zilizo kilomita 20,000 hivi juu, na inahitaji kuziona nne angalau ili ijue ilipo. Hapo nikaelewa kwa nini kwenye Barabara ya Mandela ramani ilikuwa inaniweka kwenye barabara ya pembeni. Waya wa handibreki nikamwomba aufunge panapotakiwa, video isiwake gari likiwa linatembea.

GPS yenyewe haitaki bando. Nimeshusha ramani ya Tanzania nzima nikiwa nyumbani, ile ya OpenStreetMap, ramani ya bure inayochorwa na watu wa kujitolea, na nawashukuru kwa dhati wanafunzi wa vyuo vikuu vya Ardhi na Mlimani waliozunguka mitaa ya Dar kwa miguu kwenye mradi wa Ramani Huria kuanzia 2015. Vichochoro vya Tandale na Manzese vimo. Na tangu zoezi la anwani za makazi la 2022, wateja wengi wana jina la mtaa na namba ya nyumba. Nawaomba wanitumie hizo pamoja na pini ya mahali walipo.

Jumamosi nilikuwa naenda Goba na keki ya kipaimara, foleni ya Ubungo imesimama. Mama akapiga. Nikabonyeza kioo mara moja, mikono ikarudi kwenye usukani. Akanisimulia habari za mahindi, za mbuzi aliyezaa mapacha, za goti lake, foleni nzima. Hakuuliza hata mara moja kama namsikia.